Bango Lile Lile, Mwenye Nyumba Mwingine

Nikisafiri kikazi nilikuwa na uvivu mmoja: nikiona bango la hoteli ninayoijua, sitafuti zaidi. Nasema zile za bei ya kati zenye matawi kila mahali, ambako hata umeme ukikatika unajua bafu liko upande gani. Tawi la kwanza nililolala lilikuwa na shuka safi na watu waungwana, nikaamini yote ni ndugu wa tumbo moja.

Tawi la pili lilinitoa ujinga. Kiyoyozi kilikoroma usiku kucha, na mlango wa bafu haukufunga mpaka uusukume kwa goti. Hayo ningeyameza. Kilichonikaba ni bili ya asubuhi: ada ya huduma za hoteli, ada ya sefu ambayo sikuigusa, na maegesho, mimi niliyekuja kwa teksi! Jumla ilizidi bei niliyoiona wakati wa kuweka nafasi kwa karibu robo. Nililipa kwa sababu gari lilikuwa linaningoja nje, na mapokezi wanaijua vizuri haraka ya mgeni anayeondoka.

Niliporudi nikaanza kuulizia. Hoteli ile siitaji, maana utaratibu wenyewe ni wa karibu wote: makundi kama Marriott, Hilton na Wyndham humiliki majengo machache mno kati ya yanayobeba majina yao. Mengi ni ya watu binafsi au kampuni nyingine, wanaolipia haki ya kutumia jina na mfumo wa kuweka nafasi. Wenye jina huweka viwango na kukagua, lakini godoro lililochoka hubadilishwa kwa pesa za mwenye jengo, na yeye ndiye anayeamua lini. Ada nazo zina hesabu yake: watu wakiziorodhesha hoteli mtandaoni kuanzia bei ya chini, inayoonekana rahisi hukaa juu, kwa hiyo sehemu ya gharama husubiri mlangoni. Mwaka 2025 Uingereza na Marekani zilianza kudai bei inayotangazwa ijumlishe ada zote za lazima. Zile zinazoitwa za hiari, kama maegesho, bado unaweza kukutana nazo kwenye bili.

Safari iliyofuata sikupiga simu makao makuu. Nililiandikia tawi lenyewe: jumla ya mwisho kwa usiku mbili, pamoja na kila ada, ni kiasi gani? Na amana mtakayozuia kwenye kadi? Jibu nikalihifadhi. Maoni ya wageni nikasoma ya miezi mitatu ya mwisho tu, nikitafuta "kelele", "harufu" na "ukungu". Nyota sikuzihesabu, kwani sifa za miaka minne nyuma huenda ni za mwenye jengo aliyekwisha kuuza.

Nilipofika niliomba kuona chumba kabla ya kupandisha mizigo. Cha kwanza kilikuwa ubavuni mwa lifti. Nikapewa kingine bila ubishi. Fomu nayo niliisoma kabla ya kusaini, ingawa foleni nyuma yangu ilianza kuguna.

Bili niliiomba jioni ya kuamkia kuondoka. Sefu ilikuwamo tena.

"Dada, hii ya sefu ni ya lazima?"

"Huwa inaingia yenyewe, lakini tunaweza kuitoa."

Nikamwonyesha ujumbe wa tawi lake, akaitoa pale pale. Ada ya huduma ilibaki, maana walikuwa wameitaja kwenye jibu lao na mimi nikakubali.

Somo la amana ndilo nililolipata nikiwa nimeshachelewa. Nilitoa kadi ya benki inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, kwa hiyo walizuia pesa zangu halisi, za matumizi ya wiki ile. Zilifunguliwa siku ya sita, nikiwa nimeshakopa kwa mwenzangu wa kazini.