Maji ya buluu kwenye chupa ya mtoto

Nimekulia Tanga. Maji yalipokatika, sisi watoto tulikuwa tukiziba mdomo wa bomba la uani kwa kiganja ili tusikie linavyonyonya. Kwetu ulikuwa mchezo tu. Leo mimi ni fundi bomba kwenye kambi ya mapumziko huko Michigan, na mchezo ule siusahau, kwa sababu bomba linaloweza kunyonya kiganja linaweza kunyonya na mengine.

Kambi yetu hupokea magari ya RV, yale yenye kitanda, jiko na choo ndani. Kila gari hupewa sehemu yake yenye bomba, mgeni akaunganisha mpira, basi. Julai moja, gari lililokuwa likirudi nyuma liligonga bomba la bondeni likalikata. Maji yote yakakimbilia huko, na kule kilimani presha ikaanguka hadi mabomba yakawa yanavuta. Saa hiyohiyo mzee mmoja wa kilimani alikuwa anaosha tangi la kinyesi. Alikuwa ameuingiza mpira kupitia chooni, koki iko wazi, mdomo wa mpira umezama humo.

Tulipomaliza kuziba na kurudisha maji, mama wa gari la jirani alinijia na chupa ya mwanawe. Maji yalikuwa na ubuluu. Moyo ulinipasuka, maana rangi ile naijua: ni ya dawa inayotiwa kwenye tangi la choo. Namshukuru Mungu mtoto alikuwa hajanywa. Tulifunga maji kambi nzima, tukatia klorini, tukasafisha njia zote, tukapeleka sampuli maabara, na wageni wakanywa maji ya chupa mpaka majibu yalipotoka safi.

Kwenye bomba la mzee yule nilikuwa nimefunga vali ndogo ya shaba kati ya koki na mpira. Presha ikianguka, vali hiyo hufungua vitundu vyake, ikavuta hewa badala ya uchafu. Niliikuta juu ya jiwe. Aliifungua kwa kuwa hutema maji kila ukifunga koki, na kweli hutema, ndivyo ilivyoundwa. Siku hizi nakaza skrubu yake mpaka kichwa kinakatika, isitoke kwa mkono.

Hata hivyo vali hiyo ina mpaka wake. Haikuundwa kukaa chini ya presha zaidi ya saa 12 mfululizo, na mpira wa RV hukaa wazi wiki nzima. Hapo panahitajika ile yenye vali mbili za njia moja na tundu la hewa katikati. Ni ghali kidogo, lakini nimeipigania kwa meneja na tunazibadilisha safu kwa safu.

Mwaka 1969 timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo cha Holy Cross, kule Worcester, ilipatwa na homa ya ini hadi msimu wake ukavunjwa baada ya mechi 2. Wazima moto walikuwa wamevuta maji mengi, presha ikashuka, na maji yaliyotuama kwenye shimo la bomba la kunyweshea nyasi yakanyonywa hadi kwenye maji waliyokunywa wachezaji. Watoto wenye ugonjwa huo walikuwa wakicheza hapo. Mabomba yetu ya kustahimili baridi nayo yana tundu chini ya ardhi la kumwaga maji yasigande, na tundu hilo nalo linaweza kunyonya. Ndiyo maana nikiona dimbwi kwenye shina la bomba, siondoki kabla sijalikausha.

Ndugu zangu mnaokodi RV kiangazi hiki na familia, wekeni mpira wa choo mbali na ule wa kunywa, wenye rangi nyingine kabisa, na mdomo wa mpira usizame popote, hata kwenye ndoo ya kufulia.

Jioni ile mzee alinifuata, vali mkononi, macho chini. Akaniomba nimwonyeshe inavyofungwa. Tulipanda kilimani na tochi, yeye akiimulika, mimi nikikaza.