Mkono wa mtu wa pili

Mpwa wangu, anayecheza raga ya ligi chini ya miaka 16, aliniuliza juzi tukikusanya mipira baada ya mazoezi: "Mjomba, mbona Latrell Mitchell alifungiwa mechi 6 na Suaalii akapewa 4? Si Suaalii ndiye aliyefukuzwa uwanjani?"

Ameuliza vizuri. Agosti 2021, katika NRL, ligi kuu ya raga ya ligi ya Australia, Mitchell alimkaba Joseph Manu juu, yaani alimvaa kichwani, akamvunja mfupa wa shavu, na mwamuzi akamtoa dakika 10 tu. Juni 2024, katika mechi ya kwanza ya State of Origin, mashindano ya kila mwaka kati ya majimbo ya New South Wales na Queensland, Joseph Suaalii alimgonga Reece Walsh kichwani mchezo ukiwa ndiyo kwanza umeanza, akafukuzwa moja kwa moja. New South Wales, timu yake, walicheza watu 12 badala ya 13 karibu mechi nzima, wakalala 38 kwa 10.

Nilimweleza kwamba uamuzi wa uwanjani na wa jopo la nidhamu havifungani. Mwamuzi ana sekunde chache na anaamua mchezo uendelee vipi. Kamati ya kupitia mechi inakaa baadaye na video za kila upande, na inaweza kumshtaki hata mtu ambaye hakupigiwa filimbi. Mitchell tena alikuwa ameshafungiwa mapema mwaka huo, na rekodi huongeza uzito. Isitoshe, 2021 NRL bado ilihesabu kwa pointi, 100 zikiwa sawa na mechi moja. Mwaka 2022 pointi zikafutwa, adhabu zikawa mechi kamili, na makosa ya daraja la chini faini. Anayelinganisha kesi hizo mbili anapima kwa mizani mbili tofauti.

Akaridhika, akaenda kuoga. Mimi nilibaki nikikumbuka kikao cha yule kijana wa safu ya pili, mmoja wa wachezaji wa mbele.

Ni enzi zile niko kwenye jopo la nidhamu la ligi ya mitaa, hapa Sydney, Mzee bado mwenyekiti. Chumba cha klabu, meza ndefu, watu watatu upande wetu. Kijana amekuja na kocha wake. Upande wa pili amekaa baba wa mchezaji aliyeumia, pamoja na mwanawe huyo, fulubeki (mlinzi wa nyuma kabisa), taya la kijana limefungwa kwa waya. Kugonga kichwa hakukubishaniwa. Ubishi ulikuwa ni kosa la aina gani. Sheria ya raga ya ligi inataja njia tatu za kumgusa mpinzani kichwani au shingoni: kwa uzembe, kwa kutojali hatari, au kwa kusudi. Kati ya ile ya kwanza na ya pili kuna wiki nyingi za kukaa nje.

Video ilipigwa na mzazi akiwa nyuma ya mstari wa goli. Msoma mashtaka aliionyesha kwa mwendo wa pole, kisha akaigandisha pale kigasha kilipofika kwenye taya. Chumba kizima kilishusha pumzi. Kwa mwendo ule mkono unasafiri muda mrefu sana, na yeyote anayetazama atasema: huyu alikuwa na nafasi ya kuurudisha. Nikaomba irudiwe kwa mwendo wa kawaida, na picha isisimamishwe. Tukaitazama tena na tena. Safari hii nilimwacha mwenye mkono, nikamfuata mbeba mpira kuanzia kiunoni kwenda chini.

Hapo ndipo kesi ilipokuwa. Mlinzi wa kwanza anamvaa mapajani, goti la kulia linakunjika, na kichwa kinashuka kutoka juu ya bega la kijana hadi usawa wa kifua chake, yote ndani ya muda mfupi kuliko nusu sekunde. Mkono wa kijana ulikuwa umeshalengwa kwenye mpira. Mpira ukashuka, taya likakaa mahali pake.

Lakini video hiyohiyo ilimshtaki pia. Magoti yake yalikuwa yamenyooka. Aliingia wima, mguu wake wa karibu uko mbali mno na mpinzani, kwa hiyo ilibidi aufikie mwili kwa mkono badala ya bega. Mkono ulizunguka ukiwa mbali na ubavu, kiganja kimefungwa. Anayekaba kwa kukumbatia hufungua kiganja, kwa sababu anatafuta jezi ya kushika. Mzee alishikilia hapo: kuingia wima dhidi ya mtu ambaye tayari ameshikwa miguu ni kuiona hatari na kuipuuza. Mimi nikasema kuingia wima ni uzembe mkubwa, lakini kutojali hatari kunahitaji awe ameiona, na mtu yule alianguka ghafla. Kura mbili kwa moja, ukawa uzembe wa daraja la juu kabisa. Akafungiwa mechi kadhaa, ambazo zingekuwa maradufu kama Mzee angepata kura moja zaidi.

Baba yule akasimama. Hakupaza sauti. "Kwa hiyo taya la mwanangu ni uzembe tu?"

Utaratibu hauturuhusu kumjibu mtu ambaye si upande katika kesi, na Mzee alimwambia hivyo kwa upole. Hata utaratibu ungeturuhusu, sijui ningesema nini. Ninaamini adhabu ifuate alichofanya mkabaji. Ikifuata tu kilichovunjika, mkono uleule utakuwa faini leo na miezi kesho, kwa kutegemea ugumu wa mfupa wa mwenzio. Lakini ukikaa mita mbili kutoka kwa waya zile, imani hiyo inakuwa nzito kuibeba.

Nje, kwenye maegesho, nilimuuliza kijana alifundishwa nini. Akajibu bila kufikiri: "Wa kwanza miguu, wa pili mpira." Karibu kila klabu inafundisha hivyo. Baada ya kila kukabwa, mbeba mpira anainuka na kuurudisha mpira nyuma kwa mguu, na walinzi lazima wawe wamerudi mita 10. Akiinuka haraka, wanashambuliwa kabla hawajajipanga. Kwa hiyo mtu wa pili, na wa tatu, wanatumwa juu kuufunga mpira na kumlaza mgongoni ili muda upite. Anayetumwa juu ndiye ambaye mpira humshukia. Kocha aliyetoa agizo alikuwa amekaa nyuma ya chumba jioni nzima, na kanuni zetu hazikuwa na shtaka lolote la kumsomea.

Siku hizi nafundisha tofauti. Mtu wa pili haruhusiwi kuinua mkono mpaka aone nyonga za mbeba mpira zimeacha kushuka. Mguu wa karibu uingie kati ya miguu ya mpinzani, magoti yakunjwe kwanza, bega lielekee chini ya kwapa, kichwa pembeni, viganja wazi. Tunarudia kwa kutembea kabla ya kukimbia, na mkabaji wa kwanza ninamwambia makusudi amwangushe mwenzake bila kumpa ishara yule wa pili.

Gharama yake ipo. Wapinzani wanaucheza mpira haraka dhidi yetu, na karibu na mstari wa goli tunapitwa. Wazazi wameshaniuliza kwa nini ulinzi wetu ni mlegevu. Ninawaeleza yote haya, na wapo wasiokubali.