Maharamia wa kweli walitaka dawa na kamba, sio ramani ya hazina

Hadithi za maharamia nimezipenda toka utotoni na mpaka leo nazipenda, muvi, katuni, magemu, vyote navifuatilia. Ila kadiri ninavyosoma historia yenyewe ndio nazidi kuona kwamba muvi zinatunyima vitu vitamu kuliko hivyo wanavyotuonyesha, na kuna kimoja kichungu sana ambacho karibu wote wanakiruka, nitakifikia.

Tuanze na Blackbeard maana huyo kila mtu anamjua. Jina lake Edward Teach, wengine wanaandika Thatch. Mei 1718 jamaa aliifunga bandari ya Charleston kule Carolina Kusini, wakati huo koloni la Uingereza, akiwa na meli yake kubwa Queen Anne's Revenge na vyombo vingine vidogo. Meli inayotoka inakamatwa, inayoingia inakamatwa, abiria wanafungiwa ndani na mmoja wao alikuwa mjumbe wa baraza la koloni kabisa. Mji mzima umeshikwa koo. Sasa hapo alipo angeweza kudai chochote, alidai nini? Sanduku la dawa. Akatuma watu wake mjini na ujumbe kwamba dawa zisipokuja vichwa vya mateka vitaletwa badala yake, na hao watu wake wakawa wanapita mitaani mchana kweupe huku gavana na baraza lake wakijadiliana wafanyeje. Dawa zikatoka, mateka wakarudishwa nchi kavu wakiwa wamevuliwa karibu kila walichovaa.

Hilo tukio moja linakueleza maisha yao kuliko muvi kumi. Wanaume mamia wamejazana kwenye meli ya mbao, homa, vidonda, magonjwa ya zinaa, na hakuna bandari ya halali itakayowapokea wakatibiwe. Kamba zinaoza, matanga yanachanika, ubao wa chini unaliwa na minyoo ya bahari. Kwa hiyo meli ikitekwa kinachobebwa ni matanga, kamba, nanga, baruti, nyama ya chumvi, zana za seremala, na mara nyingi seremala mwenyewe au daktari anabebwa kwa nguvu. Dhahabu ikiwepo shangwe, lakini siku nyingi ilikuwa ni sukari, tumbaku na vitambaa. Na pesa ikipatikana inagawanywa kisha inaliwa bandarini, nani azike sanduku kisiwani wakati kesho anaweza kufa? Aliyefukia kweli na tunamjua ni William Kidd, 1699, kisiwa cha Gardiners karibu na New York, na mali yenyewe ilichimbuliwa na serikali upesi tu ikawa ushahidi dhidi yake, 1701 akanyongwa London.

Ile picha ya ramani yenye alama ya X, kasuku begani na jamaa wa mguu mmoja ilitoka kwenye Treasure Island ya Robert Louis Stevenson, kitabu cha 1883, yaani zaidi ya miaka 150 baada ya hawa watu kufa. Hata ule mkoromo wa "arrr" ulienezwa na mwigizaji Robert Newton kwenye muvi ya 1950 iliyotokana na kitabu hicho hicho, jamaa alizaliwa kusini magharibi mwa Uingereza akaongeza chumvi lafudhi ya kwao na dunia nzima ikaiga. Sina tatizo na hilo, ni burudani nzuri.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi meli yenyewe ilivyoendeshwa. Vita vya kugombea kiti cha ufalme wa Hispania viliisha 1713, mabaharia maelfu wa Uingereza wakabaki hawana kazi, na kwenye meli za biashara mshahara ukashuka huku nahodha akiwa na ruhusa ya kukuchapa viboko. Wengi waliokimbilia Nassau kule Bahamas, iliyokuwa maskani ya maharamia, walikuwa hawa, mabaharia wa kawaida waliochoka. Ndio maana walipopata meli yao wakaandika mkataba, kila mtu anatia sahihi au alama yake. Mkataba wa nahodha wa maharamia Bartholomew Roberts tunao mpaka leo kupitia kitabu cha 1724 na ukiusoma unashangaa, kila mtu ana kura kwenye mambo makubwa, taa zinazimwa saa mbili usiku na anayetaka kuendelea kunywa aende juu sitahani, kucheza kamari kwa pesa marufuku, silaha ziwe safi muda wote, wapiga muziki wapumzike siku ya Sabato. Ukipoteza mkono au mguu kazini unalipwa dola 800 (za Kihispania, sio za Marekani) kutoka mfuko wa wote. Nahodha anachukua mgao wa watu wawili tu. Wawili! Linganisha na nahodha wa jeshi la wanamaji enzi hizo ambaye meli ikitekwa anaondoka na fungu nono huku baharia wa chini anaokota makombo. Na nahodha wa maharamia asiporidhisha anapigiwa kura anatolewa, amri kamili anayo wakati wa mapambano tu.

Afu mapambano yenyewe hawakuyapenda, hilo nalo muvi hazisemi. Ukipiga mizinga unatoboa mali unayoitaka, na watu wako wanakufa. Bendera nyeusi kazi yake ilikuwa kumaliza mambo bila risasi, inapandishwa dakika za mwisho wakishasogea karibu, meli ya biashara yenye watu 15 inaona watu 100 wanapiga kelele, inashusha matanga yenyewe. Roberts anahesabiwa kuteka meli zaidi ya 400 kwa chini ya miaka mitatu, huwezi kufikisha idadi hiyo kwa kupigana kila siku.

Na huko China kuna mwanamke Zheng Yi Sao, mume wake alipofariki 1807 akashika uongozi wa muungano wa maharamia wenye meli mamia, serikali ikamshindwa, 1810 akaenda mwenyewe kukaa mezani akapata msamaha, akaishi mpaka 1844. Blackbeard kichwa chake kilining'inizwa mbele ya meli Novemba 1718, huyu mama alikufa uzeeni. Kwa nini hatajwi kwanza kila maharamia wanapozungumziwa sielewi kabisa.

Sasa kile kichungu. Siku hizi mtandaoni kuna watu wanaposoma habari za kura na fidia wanawafanya maharamia kuwa wapigania uhuru, na hapo nakataa. Queen Anne's Revenge ilikuwa meli ya Wafaransa ya kubeba watumwa, La Concorde, na Blackbeard alipoiteka Novemba 1717 Waafrika wengi waliokuwemo aliwashusha kwenye kisiwa cha Bequia kule Karibi pamoja na Wafaransa, akawaachia chombo kidogo, Wafaransa wakakitumia kuwapeleka Waafrika hao hao kisiwa cha Martinique kuuzwa. Januari 1722 Roberts aliingia Ouidah, ambayo leo iko Benin, akakuta meli za watumwa nanga chini akadai kila moja imlipe dhahabu ya kujikomboa. Nahodha mmoja akagoma. Meli yake ikachomwa moto huku ndani kuna Waafrika kama 80 wamefungwa minyororo wawili wawili, waliojirusha majini wakaliwa na papa.

Wiki chache baadaye, tarehe 10 Februari, Roberts akauawa karibu na Cape Lopez, leo Gabon, na meli ya kivita ya Uingereza, watu wake wakapelekwa ngome ya Cape Coast, leo Ghana, na 52 wakanyongwa. Weusi waliokuwa kwenye meli zake hawakupewa hata kesi, waliuzwa utumwani. Bado naisubiri muvi itakayoanzia pale Ouidah, mkataba wa kura na fidia uonekane umetundikwa humo humo melini, na wale walioungua wawe na majina na waongee.