Babu yangu, mhudumu wa meza

Babu yangu mzaa mama alihudumia meza za hoteli za Dar es Salaam tangu ujana wake hadi alipostaafu, na nimeona niandike habari zake kwa sababu watu wa kazi yake hawaandikwi. Wanaoeleza historia ya mji huu huwataja waliojenga hoteli, waliozimiliki na viongozi waliolala humo, lakini waliowatandikia vitanda na kuwapelekea chai wamepita kana kwamba hawakuwapo. Kwa maoni yangu babu alikuwa fundi sawasawa na seremala au mshona nguo, na ufundi wake ulikuwa kumsoma mgeni.

Alitoka Rufiji katika miaka ya 1950, mji ukiwa bado umegawanyika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo katika nyumba ya Mzungu huko Oysterbay. Baadaye akaingia hotelini, akavalishwa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni na tarbushi kichwani. Wakati ule wanaume wazima wenye wake na watoto waliitwa "boi", nao hawakuruhusiwa kuketi kwenye meza walizozipanga kwa mikono yao. Babu aliyaeleza hayo kwa ufupi kila tulipomuuliza. Alichopenda kusimulia ni yaliyofuata baada ya uhuru.

Hoteli ya Kilimanjaro ilipofunguliwa mwaka 1965 pale Kivukoni, ikitazama bandari, babu alikuwa miongoni mwa waliopata kazi humo. Mgeni aliyemkumbuka kuliko wote wa miaka ile hakuwa waziri wala balozi, bali mwalimu wa shule ya msingi kutoka bara, aliyeletwa mjini kwa mkutano. Kabla ya kuagiza chakula, mwalimu yule aliinuka kitini, akampa mkono na kumuuliza habari za nyumbani. Babu alikuwa amehudumia watu kwa miaka mingi bila hata mmoja kuinuka kwa heshima yake, na alipolisimulia jambo hilo uzeeni bado sauti yake ilibadilika.

Miaka hiyo Dar es Salaam ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa hapa mwaka 1962, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ikaweka ofisi zake hapa mwaka uliofuata. Waandishi wa habari, wanadiplomasia, wanaharakati na wapelelezi walikutana katika kumbi za hoteli, wakazungumza mambo mazito huku mhudumu akimimina kahawa pembeni yao. Mwezi Februari 1969, kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, alipouawa kwa bomu hapa mjini, watu wengi wa mtaani kwao walimwendea babu wakidhani kwamba lazima alikuwa amesikia jambo. Hakuwaambia neno. Hata sisi wajukuu, tulipomsihi miaka mingi baadaye, alijibu kwamba yanayosemwa mezani ni mali ya walioketi mezani, kisha akabadili mazungumzo. Naamini alichukua mengi kaburini, na ninamheshimu kwa hilo ingawa ningependa sana kuyajua.

Kuhusu kazi yenyewe, hapo hakuwa na siri. Alitufundisha kwamba trei hubebwa juu ya vidole vilivyotanuliwa na si juu ya kiganja kizima, kwa sababu vidole ndivyo vinavyohisi uzito unapohama, na kwamba chombo kizito hukaa upande wa mwili wa mbebaji. Chakula alikileta kushoto kwa mgeni, vinywaji kulia, na hakuondoa sahani ya mtu mmoja wakati mwenzake bado anakula, maana anayebaki akila peke yake huanza kuharakisha. Alipompokea mgeni alimtazama kwanza viatu na mabega: viatu vyenye vumbi vilimwambia kwamba maji yatangulie kabla ya orodha ya vyakula, na mabega yaliyoinama yalimwambia kwamba mtu huyu anahitaji meza ya pembeni na maneno machache. Wageni walishangaa kupewa walichokuwa hawajakiomba. Wapo wanaoidharau kazi hii wakiona kwamba kumhudumia mtu ni kujishusha, nami sikubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa nimeona ni akili kiasi gani inayohitajika ili mtu mwingine ajisikie yuko kwake.

Kulikuwa na miaka migumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa, na watalii waliozoea kuingia nchini kupitia Nairobi wakapungua. Muda si muda vikaja vita vya Kagera, na baada yake uhaba wa sukari, sabuni, mchele na karibu kila kitu. Babu alisema katika kipindi hicho alijifunza kuweka meza nzuri kwa vitu vichache: kitambaa kilichofuliwa hata kama kimetiwa viraka, glasi iliyosuguliwa hadi ikang'aa, na kumweleza mgeni ukweli mapema kwamba siagi hakuna, badala ya kumwacha aagize kisha kurudi kumwomba radhi.

Nyumbani Magomeni, bibi ndiye aliyelipa sehemu ya gharama ya kazi ile. Kila babu aliporudi kutoka zamu ya usiku, bibi alimwekea beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba na mishipa imejitokeza kama kamba. Siku ya Idi, hata hivyo, babu hakukubali mtu mwingine agawe chakula. Alitandika kitambaa cheupe juu ya mkeka, akamtengea bibi sahani yake kabla ya mtu mwingine yeyote, na kuanzia hapo aliwahudumia watoto wa jirani kwa adabu ileile aliyowahudumia marais.

Hoteli ile ilifungwa, ikakarabatiwa, na kufunguliwa upya mwaka 2005. Mama alimpeleka babu kunywa chai pale. Babu alimtazama kwa muda kijana aliyekuwa akipita na trei iliyojaa vikombe, kisha akasema, "Huyu amefundishwa na mtu anayejua." Hakuongeza lingine, akanywa chai yake.

Wenzake walio hai ni wachache. Tangu tumzike nimekuwa nikiwatafuta, na mmoja wao ni mzee anayeishi Keko, ambaye alikuwa dobi wa hoteli. Aliniambia kwamba mafundi wa nyuma ya pazia, yaani madobi, waosha vyombo na wapishi, hawakuwahi kuonana na wageni, na sifa zote ziliishia kwa wahudumu wa mezani. Babu, kila mgeni aliposifu weupe wa kitambaa au shati lililopigwa pasi vizuri, alishuka hadi chumba cha kufulia zamu ikiisha, akataja namba ya chumba cha mgeni na maneno yake yote, na kama mgeni alikuwa ameacha bakshishi, alimhesabia dobi fungu lake palepale.