Daftari la madeni: kumbukumbu ya mradi, wiki ya tatu

Jumatatu usiku

Mama mdogo kanipigia kutoka dukani kwake, Tanga, ambako nimemwekea mfumo wa kuandika mauzo na madeni. Umeme ulikatika wakati wa magharibi, ukarudi baada ya dakika 20, mashine ikawaka yenyewe, kila kitu kikaonekana sawa. "Mwanangu, mbona deni la mama wa vitumbua silioni? Nimeliandika mwenyewe, na ile tiki ya kijani nimeiona."

Unga kilo 10 na mafuta lita 3. Nikaingia kwenye Raspberry Pi ya dukani (kompyuta ndogo inayoendesha mfumo) kupitia mtandao, nikaendesha `PRAGMA integrity_check`, amri ya kukagua kama hifadhidata ni nzima. Jibu: `ok`. Hifadhidata ni nzima, haina hata mkwaruzo, ila deni halimo, wala mauzo mawili yaliyolitangulia.

Faili lingeharibika kabisa ningeumia kidogo kuliko hivi. Mashine ilishamwambia mama mdogo kwamba imehifadhi, na mteja akaondoka na unga wake kwa kuiamini tiki ile.

Jumanne

Nimerudi kwenye mipangilio ya SQLite, programu ya hifadhidata ninayotumia. Wiki ya kwanza mfumo ulikuwa mzito. Mteja akichukua bidhaa 12, skrini inaganda mpaka mama mdogo anabonyeza mara ya pili. Nikahamia hali ya WAL (write-ahead log), nikaweka `synchronous=NORMAL`, mambo yakawa mepesi, nami nikaenda kushughulikia risiti. Leo ndiyo nimekaa kuelewa nilikubali nini siku ile.

Katika WAL, kila badiliko huandikwa kwanza mwishoni mwa faili la pembeni, kisha baadaye huhamishiwa kwenye faili kuu. Lakini kuandika si kufika kwenye kadi ya kumbukumbu, ambayo ndiyo diski ya Pi. Linux, mfumo endeshi wa Pi, huipokea data, huiweka kwenye kumbukumbu yake ya muda, na huipeleka kwenye kadi kwa wakati wake. Kwa mipangilio ya kawaida inaweza kukaa hapo kama sekunde 30. Amri ya `fsync` ndiyo inayosema: ipeleke sasa, mimi nasubiri hapa hapa. Kwa `synchronous=FULL`, SQLite hutoa amri hiyo kila `COMMIT`, yaani kila muamala (kundi la mabadiliko yanayohifadhiwa pamoja) unapofungwa. Kwa `NORMAL` huitoa tu wakati wa kuhamisha, yaani WAL ikifikia kurasa 1000, karibu MB 4.

Ndiyo maana faili lilibaki zima. Kila ukurasa ndani ya WAL una namba ya uhakiki. Mashine ikiamka, SQLite husoma mpaka muamala wa mwisho uliokamilika na unaosomeka sawasawa, na kinachofuata hukiacha. Deni la mama wa vitumbua lilikuwa kwenye hicho kinachofuata.

Jumatano

Wiki ya kwanza nilifanya jaribio la ajali: nikaiua programu kwa `kill -9` mara 100 huku inaandika. Haukupotea mstari hata mmoja, nikaridhika. Jaribio lile lilipima kitu kingine. Programu ikifa, Linux bado iko hai, na data iliyokwisha kuipokea itafika tu. Hata `synchronous=OFF`, isiyotoa `fsync` kabisa, ingefaulu. Anayefikiria kupima hivi namsihi asiishie hapo.

Leo nimepima kwa plagi. Pi nyingine mezani, laptopu pembeni, waya wa mtandao kati yake. Pi inaandika 1, 2, 3 na kuendelea, kila namba na muamala wake. `COMMIT` ikirudi, inaituma namba hiyo kwa laptopu. Nachomoa plagi. Nawasha, nalinganisha.

Mara ya kwanza, kwa `NORMAL`: laptopu imeshapokea 6,418, hifadhidata imeishia 5,871. Miamala 547 iliyotangazwa kuwa imekamilika haipo. Nimeziangalia namba hizo mbili kwa muda mrefu.

Kwa `FULL` nimechomoa mara 20. Mara 17 namba zimelingana. Mara tatu hifadhidata imezidi kwa moja, nayo ni halali: muamala ulishafika kwenye kadi, umeme ukakatika kabla taarifa haijatoka.

Kisha nikajaribu kadi ya bei rahisi iliyokuwa kwenye droo. Hiyo imepoteza mistari hata kwa `FULL`, na mara moja `integrity_check` imeleta makosa. Inajibu "tayari" kabla haijaandika, na hakuna mpangilio wa SQLite unaoweza kuitibu. Nimeitoa kwenye mradi.

Jumamosi

Nimeipata sababu halisi ya uzito wa mwanzo. Kila bidhaa ilikuwa muamala wake: bidhaa 12, `COMMIT` 12, na kila moja ikiisubiri kadi. Mauzo yote ya mteja mmoja sasa yamo ndani ya `BEGIN` moja na `COMMIT` moja. Kadi inasubiriwa mara moja tu, na mama mdogo hahisi chochote. Kumbe usalama sikuwa na haja ya kuugusa.

Mzigo wa pili ulikuwa kihisi joto cha friza, kilichokuwa kikiandika kila sekunde kwenye faili lile lile. Nimekihamishia kwenye faili lake. Kinakusanya vipimo 60, kinaandika kwa mkupuo kila dakika, na huko nimeacha `NORMAL`. Dakika moja ya joto la friza ikipotea, hakuna anayedaiwa wala anayedai. Kwenye mauzo na madeni ni `FULL`, na tiki ya kijani haionekani mpaka `COMMIT` irudi.

Jambo moja limenichelewesha: hali ya WAL hukumbukwa ndani ya faili, lakini `synchronous` huwekwa upya kila muunganisho unapofunguliwa. Sasa kuna mlango mmoja tu wa kufungua hifadhidata ya madeni. Programu inaweka `FULL`, kisha inauliza `PRAGMA synchronous`; isipojibiwa 2, haiwaki.

Jumapili

Mama wa vitumbua amepita dukani akataja mwenyewe: unga kilo 10, mafuta lita 3. Mama mdogo ameliingiza upya.

Nami nimegundua kwamba nakala ya usiku inayokwenda kwenye flashi inabeba faili kuu peke yake na kuacha la WAL, kwa hiyo inaweza kukosa mauzo ya karibuni. Naibadilisha kuwa `VACUUM INTO`, amri inayonakili hifadhidata nzima pamoja na yaliyomo kwenye WAL. Kisha nitachomoa plagi katikati ya nakala, nione.