Nilivyogeuza godauni la Chang'ombe kuwa karakana za vijana wa sayansi

Mtu wa kwanza niliyemwomba ushauri aliniambia niweke meza ndefu, viti vya rangi na intaneti ya kasi, vijana watajaa wenyewe. Tangu iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ifunguliwe Nairobi mwaka 2010, wengi wanaamini mtu wa teknolojia anahitaji kompyuta na kahawa tu. Mwandika programu, sawa. Mimi niliwataka wale wenye kitu mkononi: anayepima maji, anayeunda droni, anayekereza vipuri. Nilikuwa nawaona Kijitonyama, Dar es Salaam, pale Buni Hub, kituo cha kulea wabunifu kwenye jengo la COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mtu ana sampuli nzuri ya kwanza, lakini akitaka kutengeneza hamsini hana pa kwenda. Sebule ya shangazi haitoshi, na kiwanda kizima hana uwezo nacho.

Godauni nikalipata Chang'ombe. Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka, tukamalizana kwa miezi sita.

Mara ya kwanza nilijenga vyumba kumi na viwili vya matofali, vyote sawa, soketi ukutani. Vilipendeza. Basi vijana wa droni waliingia wawili, kufumba na kufumbua wakawa saba. Jirani hataki kuhama, ukuta hausogei, wakaondoka. Wanaondoka kwa sababu wamefanikiwa, na ndio hao niliowajengea! Iliniuma mno. Upande mwingine, kijana wa kukereza vyuma akiwasha mashine, dada wa maabara mlango wa tatu hapati namba. Mizani yake inasoma hadi gramu 0.0001, tarakimu za mwisho zinacheza tu.

Nikabomoa. Milioni kadhaa zikawa kifusi, na mume wangu hakusema neno siku mbili.

Safari hii nilianza na visivyohama: maji, mfereji wa majitaka, bomba la kutolea moshi na mashine nzito. Vyote nikavipanga kando ya kuta mbili za nje. Kilichobaki chote lazima kisogee. Fundi wa kuchomelea akanitengenezea fremu za chuma zenye plaiwudi huku na huku, magurudumu yenye breki chini. Kipimo ni boksi la mita 3 kwa 3. Ukitaka mawili, Jumamosi tunasukuma ukuta, Jumatatu unafanya kazi. Njia ya katikati tu ndiyo haiguswi. Nimeipaka rangi ya njano, na hata mteja anilipe nini, siwezi kumruhusu aweke kreti pale, maana moto ukitokea ndipo watu wanapopita.

Umeme niliutoa ukutani kabisa. Nyaya zinapita juu kwenye trei, soketi zinaning'inia. Fundi umeme alibisha, “Dada, soketi haikai hewani.” Inakaa, mradi waya usibebe uzito, uzito ubebwe na mnyororo. Mashine za fezi tatu zina laini yake kutoka bodi kuu, na kila boksi lina mita ndogo. Hiyo ya mita usiiache. Aliyewahi kupanga nyumba yenye LUKU moja anajua ugomvi wake.

Sasa mizani. Meza maalumu ya kuzuia mtikisiko niliulizia bei, nikashukuru na kutoka. Nikachukua beseni jeupe, nikatia maji, nikamwambia kijana awashe mashine yake. Nikazunguka godauni zima: naweka beseni sakafuni, nachuchumaa, natazama. Mlangoni, malori yakipita, maji yanapiga miduara. Katikati yanatetemeka. Choo nako nilipima! Nilipofika pembe ya nyuma kushoto, maji yalitulia hadi nikaona mabati ya paa ndani yake. Nikarudia usiku, nikarudia mchana wa Jumatatu foleni ikiwa kubwa, pembe ile ile. Nikapiga alama ya chaki, tukajenga nguzo mbili za matofali na juu yake bamba zito la zege lisilogusa ukuta. Mashine nayo tukaikatia sakafu kuizunguka, tukamwagia msingi wake peke yake, mwanya tukaujaza mpira ili mtikisiko usipate pa kuvukia. Dada akapima jioni ile ile. Namba ikasimama. Alipiga kelele hadi walinzi wakaja.

Joto la mabati lilinisumbua pia. Kiyoyozi kiko maabara tu, kwingine ni matundu ya hewa juu ya paa na dari ya kukinga joto.

Mikataba ni ya mwezi mmoja mmoja, kodi kwa mita ya mraba. Benki hawakuipenda. Lakini biashara changa haijui mwezi wa sita itakuwa na watu wangapi, na ukiifunga mwaka mzima inaogopa kuingia.

Vijana wa droni wamerudi. Walichukua maboksi manne, wiki iliyopita wakaomba la tano. Jirani yao akahamia upande wa pili kabla ya chakula cha mchana, soketi zikiwa tayari zinamsubiri juu.