Cinderella walistahili heshima kubwa zaidi

Jamani leo nimeamka na Long Cold Winter ya Cinderella tena, ile bendi ya rock ya Marekani, albamu ya 1988, na kila nikiisikiliza naumia vile watu wanawaweka hawa jamaa kwenye kapu moja na bendi zote za nywele ndefu na suruali za kubana halafu basi.

Hebu sikiliza tu inavyoanza, na wimbo wa Bad Seamstress Blues, hakuna kelele za magita wala nini, ni gita la slaidi linalia taratibu kama la mzee kakaa barazani kwake kule Mississippi, ndo baadae bendi nzima inaingia na unasimama mwenyewe. Hiyo ni bluzi kabisa wandugu! Na hawa ni vijana wa Philadelphia.

Halafu sauti ya mwimbaji wao Tom Keifer, ile ya kukwaruza, mtu anaimba mpaka unahisi koo lake linachanika. Badae kamba moja ya sauti ikapooza, ikabidi ajifunze kuimba upya kwa miaka, na bado anaimba mpaka leo. Mimi huyu namheshimu sana.

Albamu ya Heartbreak Station ya 1990 ndo naipenda kuliko zote, zile ala za nyuzi, violini na wenzake, kwenye wimbo wenye jina hilohilo alizipanga John Paul Jones wa bendi ya Led Zeppelin. Mpiga gita wa Cinderella, Jeff LaBar, alitutoka 2021, apumzike kwa amani, gita lake lilikuwa tamu mno.

Wapenzi wa Cinderella mko wapi, nitajieni wimbo wenu mmoja tu